Maneno Yatangulie Vigingi

(Hotuba juu ya njia kuu za umeme na ardhi ya mkulima, iliyotolewa Litembo mbele ya wanachama na viongozi katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Miaka kumi si mingi katika umri wa shamba la kahawa, lakini kwa chama cha wakulima ni umri wa kuheshimiwa. Wazee waliopo hapa wanajua kwamba ushirika katika nchi hii haukuanza jana. Chama cha Ngoni-Matengo kiliundwa mwaka 1936. Wanajua pia kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilifutwa, mkulima hakuulizwa, na iliwapasa watu kungoja mpaka sheria ya mwaka 1982 ili vyama hivyo vianze kurudi. Kwa hiyo chama kinachotimiza miaka kumi baada ya historia ya namna hiyo kina haki ya kupigiwa ngoma.

Mimi nimeombwa niseme juu ya umeme. Lakini sitasema juu ya taa na mashine za kusaga, kwa maana faida ya vitu hivyo kila mtu anaijua. Nitasema juu ya njia kuu zinazouleta umeme kutoka mbali, na juu ya mashamba ambamo njia hizo hupita. Huenda yupo mwanachama anayejiuliza, "Jambo hili lahusu nini chama cha kahawa?" Jibu langu ni fupi. Kahawa huota katika ardhi. Likitokea jambo la kugusa ardhi ya mwanachama mmoja, limegusa ghala la chama. Tena, mkulima aliye peke yake mbele ya mpimaji na mthamini ni mtu mdogo. Akiwa na wenzake, neno lake husikika.

UMEME ULIVYOTUFIKIA

Kwa miaka mingi kabla ya mwaka 2018 miji ya Songea na Mbinga ilitegemea sana umeme wa mitambo ya dizeli. Mafuta yalisafirishwa kwa malori safari ndefu, na mtambo ukiharibika watu walilala gizani. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2018, ilipokamilika njia ya Makambako hadi Songea, nasi tukaunganishwa na Gridi ya Taifa. Njia ile ni ya kilovoti 220, urefu wake ni kilometa zipatazo 250, na ina vituo vya kupozea umeme Makambako, Madaba na Songea. Ilijengwa kwa fedha za Serikali yetu na za Serikali ya Sweden. Nayo haikuwa kazi ya kusimamisha minara mikubwa peke yake. Mradi ule ulichukua pia kazi ya kusambaza umeme katika vijiji vya mikoa ya Njombe na Ruvuma.

Sasa tuitazame njia ile kwa jicho la mkulima. Kilometa 250 za nyaya hazikupita angani tu. Chini ya nyaya zile kuna mashamba, misitu ya vijiji, makaburi na nyumba. Kila mnara umesimama juu ya udongo ambao kabla yake ulikuwa na mwenyewe.

Wala kazi ya kujenga njia kuu haijakwisha katika nchi yetu. Mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulianza kutoa umeme, na bwawa lile limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Umeme mwingi wahitaji njia nyingi za kuusafirisha. Huku kwetu, makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa mwaka 2011, na kwa miaka mingi yamesemwa mengi juu ya kuzalisha umeme kwa makaa hayo na juu ya kujenga bwawa la Kikonge katika Mto Ruhuhu. Mitambo ikijengwa upande huu wa nchi, nyaya zake hazitakuwa na pengine pa kupita ila katika milima na mabonde yetu. Ni afadhali kushauriana leo, tukiwa tumetulia, kuliko kuanza kupiga kelele siku ile vigingi vitakapokuwa vimekwisha kupigwa.

NJIA KUBWA NA NJIA NDOGO

Kabla sijaendelea, yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

Kuna njia ndogo, yaani nguzo zile za kawaida zinazoleta umeme kijijini, kwenye transfoma, na kutoka hapo mpaka nyumbani. Miradi mingi ya njia hizo vijijini husimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kwa desturi, wananchi huombwa waiachie njia ndogo nafasi bila fidia, kwa kuwa umeme wake ni wao wenyewe.

Kuna njia kubwa, ya minara ya chuma. Hiyo hubeba umeme wa nguvu nyingi mno kutoka mkoa hadi mkoa. Umeme wa kilovoti 220 hauwezi kuteremshwa katika nyumba ya mtu kama maji ya mfereji. Sharti upite kwanza katika kituo cha kupozea, kisha katika njia ndogo, kisha katika transfoma. Ndiyo sababu mtu aweza kuishi chini ya nyaya kubwa na bado akawasha kibatari. Jambo hilo limeleta manung'uniko katika nchi nyingi, na manung'uniko hayo si ya ujinga. Mtu aliyetoa shamba lake ili mji wa mbali upate mwanga ana haki ya kuuliza, "Na mimi je?"

Njia kubwa huhitaji mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliowekwa wazi chini ya nyaya. Katika mkuza nyumba hazikubaliwi, wala miti mirefu. Kama mazao mafupi yataruhusiwa, hilo ni neno la kuulizwa mapema na kuandikwa, lisiachwe likae katika vinywa vya watu. Na ardhi inayochukuliwa kwa njia kubwa hulipiwa fidia. Basi mtu akikuambia, "Umeme ni maendeleo, toa shamba bure," muulize kwanza: ni njia ipi unayoisema?

ARDHI YA UMATENGO INA HESABU YAKE

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninakuja sasa katika jambo lenyewe lililonileta hapa.

Mthamini aliyezoea nchi ya tambarare akifika katika milima yetu ataona mteremko mkali wenye mashimo mengi. Akiwa hakuelezwa, ataandika katika karatasi yake: shamba la maharage, ekari fulani. Atakuwa ameandika kweli, lakini ameacha nusu ya kweli. Yale mashimo ni ngolo. Wanaume wamefyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokingamana. Wanawake wamechimba udongo wa katikati na kuyafunika. Majani huoza na kuwa mbolea. Shimo hupokea maji ya mvua na kuyazuia yasiteremke na udongo. Maharage hutangulia, mahindi hufuata, na shamba hulimwa vizazi na vizazi mahali ambapo kwingineko mvua za miaka michache zingeacha mwamba mtupu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani walikuja kuichunguza kazi hii katika miaka ya 1990, nao waliiandika kwa heshima.

Sasa fikirini mnara unajengwa katikati ya mteremko wa ngolo. Mkandarasi atachimba misingi minne. Atakata barabara ya kupitishia vyuma na saruji. Karatasi ya fidia itahesabu mahali pa misingi na mahali pa mkuza. Lakini maji hayasomi karatasi. Ngolo za juu zikivunjwa, maji yaliyokuwa yakilala katika mashimo yataanza kukimbia. Yatavunja ngolo za chini yake, na za chini zaidi, mpaka mtoni. Hasara itamfikia jirani ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote, kwa sababu shamba lake halikuguswa na mnara wala nyaya.

Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Katika nchi ya tambarare, hasara ya mnara hukaa karibu na mnara. Katika nchi yetu, hasara huteremka. Kwa hiyo mashauriano ya Umatengo hayawezi kuishia kwa yule tu ambaye kigingi kimepigwa kwake. Wazee wetu walilijua jambo hili walipogawa ardhi kwa ntambo, yaani mgongo mzima wa mlima pamoja na vijito vyake, ukiwa mkononi mwa ukoo mmoja, toka kileleni mpaka bondeni. Wakishauri, walishauri kwa ntambo nzima. Nasi tuombe vivyo hivyo: wataalamu wanapopanga njia, waite watu wa ntambo nzima, wasiite mwenye kipande peke yake.

Kahawa nayo ina hesabu yake. Mche hukaa miaka ipatayo mitatu kabla haujaanza kuzaa vizuri, na baadaye hulisha nyumba kwa miaka mingi. Anayekata mti wa kahawa huondoa mti pamoja na mavuno yaliyokuwa yakingojewa: karo ya mtoto, bati la nyumba na akiba ya uzee.

SHERIA INASEMA NINI

Wapo watu wanaodhani kwamba Serikali ikitaka ardhi, mkulima hana neno. Si kweli. Ni kweli kwamba Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya watu wote. Lakini sheria mbili za mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, zimeweka mipaka yenye maana. Yashikeni mambo haya.

Moja: Haki ya ardhi ya kimila ina hadhi sawa na haki ya mtu mwenye hati ya kupewa na Serikali. Mtu asiambiwe kwamba kwa kuwa hana karatasi hana kitu. Hata hivyo, mwenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila hushinda mabishano upesi kuliko asiyekuwa nayo.

Mbili: Ardhi ya kijiji haihamishwi kuwa ya matumizi mengine kabla aina ya fidia, kiasi chake, njia ya kulipa na wakati wa kulipa havijakubaliwa. Sheria imeweka makubaliano mbele na uhamisho nyuma.

Tatu: Fidia sharti iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zimetaja mafungu yake: thamani ya ardhi na ya yaliyoendelezwa juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, inayohesabiwa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilometa 20, posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba kwa miezi 36, na faida iliyopotea katika biashara, nayo kwa miezi 36. Si kila mtu hupata mafungu yote. Asiyehamishwa nyumbani hawezi kudai posho ya makazi. Lakini kila mtu ana haki ya kujua ni mafungu gani yamehesabiwa kwake, na ni yapi yameachwa, na kwa nini.

Nne: Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba hudaiwa.

Tano: Mwanamke ana haki ya kupata na kushika ardhi sawasawa na mwanamume. Nimeeleza jinsi ngolo inavyotengenezwa. Mwanamume hukata majani, mwanamke huchimba na kufunika. Je, fedha ikija, imfikie yule mkata majani peke yake? Shamba ni la nyumba. Basi na karatasi isomwe nyumbani, mbele ya mume na mke, kabla haijatiwa sahihi.

Sita: Makaburi hayafukuliwi ovyo. Iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Wenye makaburi waitwe na washirikishwe.

Saba: Mradi mkubwa wa namna hii hufanyiwa kwanza uchunguzi wa athari kwa mazingira, chini ya sheria ya mwaka 2004, na wananchi hupewa nafasi ya kusema. Nafasi hiyo mara nyingi hupita watu wakiwa shambani. Mkutano ukiitwa, twendeni. Na neno letu liandikwe katika kumbukumbu.

JIRANI ALIYEKOSA KUSIKILIZANA

Mtu aweza kusema kwamba mashauriano mengi huchelewesha kazi. Tutazame yaliyotokea Kenya. Huko Marsabit, karibu na Loiyangalani, palijengwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Mwanzoni mwa mwaka 2017 mitambo ilikuwa imesimama tayari. Lakini njia ya kuupeleka umeme huo Suswa, urefu wa kilometa 428, ilikuwa haijakwisha. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: mkandarasi wake alifilisika, na tena palikuwa na mabishano na wenye ardhi juu ya fidia ya mkuza. Upepo ulivuma, mitambo ikasimama bure, na wananchi wa Kenya wakabebeshwa malipo ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwafikia. Njia ilikamilika mwaka 2018. Hata baada ya hapo neno halikuisha: mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi iliyojengwa mitambo ile hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria.

Siwasemi ndugu zetu wa Kenya kwa ubaya. Nasema tu kwamba miezi iliyookolewa mwanzoni kwa kutosikilizana hulipwa baadaye, tena kwa riba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MFANO ULIO NYUMBANI

Sasa niseme juu ya mfano mzuri, nao hauko mbali. Wamatengo tulikuwa na sengu. Watu wa nyumba mbalimbali walikula pamoja kwa mzee, na baada ya chakula waliamua mambo: mipaka, magomvi, kazi za pamoja, malezi ya vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijiji cha Kindimba kilipojenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Japani, wananchi waliirudisha sengu katika sura mpya, wakaunda kamati kwa jina hilo. Wageni walileta elimu. Sengu ilileta watu, mchanga, mawe na makubaliano. Wale waliokuja kusaidia walikaa kwanza wakasikiliza, na waliosaidiwa walijua kazi ni yao.

Kutoka mashine ya kusaga hadi njia ya kilovoti 220 ni mbali sana, nakubali. Lakini adabu ya kukutana na watu ni ile ile. Penye wazee haliharibiki neno.

YANAYOTUPASA

Mheshimiwa Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi ya kufanya ni kama ghala tupu. Naomba kupendekeza mambo sita.

La kwanza, Chama Kikuu pamoja na vyama vya msingi viweke sengu ya ardhi katika kila kijiji: wazee, akina mama na vijana wanaojua kusoma ramani. Kazi yake iwe kusikiliza habari za miradi mapema na kuzifikisha kwa wanachama, na kupeleka maneno ya wanachama kwa wapimaji kabla njia haijachorwa kwa wino. Katika siku zile za mwanzo mnara waweza kusogezwa meta kadhaa, kutoka katikati ya ngolo hadi kwenye mwamba au kwenye mpaka. Vyuma vikisha kuagizwa, hausogei tena.

La pili, tutunze daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Stakabadhi za kahawa ambazo mwanachama huzikunja na kuzichomeka chini ya godoro ni ushahidi wa mavuno yake. Daftari la chama ni ushahidi mkubwa zaidi. Mthamini akiuliza shamba hili limetoa nini kwa miaka mitano, katibu afungue kitabu amwonyeshe. Chama ambacho vitabu vyake havikukaguliwa hakitaweza kumtetea mtu.

La tatu, siku ya kuhesabu mali, mwenye shamba awepo, na mkewe awepo, na jirani wa mpakani awepo. Mwenye kuhamia Kitanda au kwenda mjini kutafuta maisha apelekewe habari na ndugu zake. Shamba la asiyekuwapo lisiandikwe jina la aliyekuwapo. Kila mmoja asome au asomewe fomu kabla ya kutia sahihi, na abaki na nakala. Asiyekubaliana aandike pingamizi lake wakati ule ule. Anayenyamaza siku ya kuhesabu hupata taabu kusikilizwa siku ya malipo.

La nne, makubaliano na mjenzi yataje ngolo kwa jina lake. Barabara za muda zifungwe na mteremko urudishwe katika hali yake kabla ya mvua. Ngolo zilizovunjika zifanywe upya, na wanaojua kuzifanya waajiriwe kwa ujira, nao ni sisi. Mashamba ya chini ya mnara yakaguliwe baada ya masika ya kwanza, na hasara iliyoteremka ilipwe. Tena wajenzi wajue kwamba kiangazi, wakati unaowafaa wao, ndio wakati wetu wa kuchuma kahawa. Basi tupange pamoja wapi waanzie na lini.

La tano, kijiji kinachotoa ardhi kwa njia kubwa kiombe, kwa maandishi, njia ndogo yake mwenyewe. Tuombe kwa hesabu: mashine ya kumenya kahawa iko hapa, shule iko hapa, zahanati iko hapa, kaya ni kadha wa kadha. Ombi lenye hesabu ni gumu kulikataa.

La sita linatuhusu sisi wenyewe. Haki haitetewi kwa hila. Mtu asipande miche usiku baada ya kusikia kwamba mthamini anakuja kesho. Asijenge kibanda kisicho na mlango ili kiitwe nyumba. Kiongozi wa kijiji asiuze habari za njia kwa walanguzi wa ardhi. Na Chama chetu kisigeuke dalali. Hata senti moja ya fidia ya mwanachama isikatwe kwa jina la huduma. Mwongo mmoja huwafanya wakweli mia wasisadikiwe. Na fidia ikilipwa, tukumbuke kwamba ni shamba lililogeuzwa noti. Likirudi kuwa shamba, au kahawa mpya, au elimu ya mtoto, halikupotea. Likiishia kilabuni, limekatwa mara mbili.

NENO KWA WATAALAMU NA VIONGOZI

Ninyi mabwana wa ardhi, mabwana wa umeme na wakuu wa wilaya, hatuwaoni kuwa adui. Wengi wenu ni watoto wa wakulima. Tunawaomba mambo machache. Njooni kabla ya vigingi. Semeni kwa lugha ambayo bibi kizee wa Litembo aielewa. Kama Kiswahili cha ofisini ni kigumu, yuko atakayemfasiria kwa Kimatengo. Leteni ramani, ibandikeni mahali pa wazi, tena muiache ibaki hapo baada ya kuondoka kwenu. Mkiahidi tarehe, itimizeni. Mkishindwa, rudini mwaseme kwamba mmeshindwa. Mkulima huvumilia ukame kwa sababu aliuona kwa macho yake. Asichoweza kuvumilia ni kunyamaziwa.

Ndugu wanachama, umeme tunautaka. Tunautaka katika vyumba vya upasuaji vya hospitali, katika mashine za kumenya kahawa, katika madarasa ya watoto. Sitaki mtu atoke hapa akisema kwamba ushirika unapinga minara. Ushirika unataka minara isimame mahali palipokubaliwa, juu ya ardhi iliyolipiwa, katika mteremko uliotengenezwa upya, na watu waliokaa chini yake wakijua ni kwa nini imesimama pale.

Katika miaka kumi iliyopita tumejifunza kupima kahawa kwa mizani iliyo sawa. Katika miaka kumi ijayo tujifunze kuipima na ardhi yetu kwa mizani hiyo hiyo. Maneno yatangulie, vigingi vifuate.

Mungu aubariki ushirika wetu, na aibariki nchi yetu.